Shahada ya Kihispania kwa Kijana wa Arusha na Moshi: Mwongozo Kamili Kuanzia Sifuri

Arusha na Moshi hazina uhaba wa watu wenye Kihispania cha kuombea maji. Simama geti la Machame au Londorosi mwezi wa nane, Wahispania wakiwa likizoni, utawasikia wapagazi wakiwaambia wageni "poco a poco" badala ya "pole pole", na waongozaji wakitaja tembo, twiga na simba kwa Kihispania bila kusita. Walio wachache ni wale wanaoweza kukaa na mgeni huyo jioni wakamweleza kwa nini Wamasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959, au wakausoma mkataba wa wakala wa Barcelona na kukiona kifungu kitakachowaumiza, au wakasimama mbele ya darasa na kuifundisha lugha yenyewe.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana anayetaka kuwa mmoja wa hao wachache, kwa njia ya shahada. Nimefundisha Kihispania hapa Arusha, na rai yangu naitoa mapema ili usiitafute mbele: usilipe ada ya chuo kikuu kabla hujafika ngazi ya B1, ya tatu kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya, ukiwa hapa hapa nyumbani, na ukishafika chuoni, usikiache Kiswahili mlangoni. Mengine yote yanatokana na hayo mawili.

Hatua ya kwanza: jua unachokwenda kusoma

Wengi hudhani shahada ya Kihispania ni kozi ndefu ya kuongea. Kuongea ni mwanzo tu. Katika chuo kikuu cha Hispania shahada ya kwanza, inayoitwa grado, huchukua miaka 4 na krediti 240 za mfumo wa Ulaya. Humo utasoma fonetiki, sintaksia, historia ya lugha, fasihi tangu enzi za kati hadi leo, fasihi ya Amerika ya Kilatini, na mara nyingi Kilatini cha mwaka mmoja. Utasoma maandishi ya miaka ambayo lugha hiyo ilikuwa haijatulia, kabla Antonio de Nebrija hajaandika sarufi yake mwaka 1492. Utaisoma Don Quijote ya Cervantes, iliyotoka sehemu mbili, 1605 na 1615, na hutaruhusiwa kusoma muhtasari.

Upande wa utamaduni ndio unaowashangaza wengi. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20 huru pamoja na kisiwa cha Puerto Rico, na wanaoizungumza kama lugha ya mama wanakaribia milioni 500. Walio wengi kabisa hawako Hispania. Wako Meksiko, Kolombia, Argentina na majirani zao. Na moja ya nchi hizo 20 ni ya Kiafrika: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968. Kwa hiyo mtu akikuambia unakwenda kusoma "mambo ya Wazungu", ana sehemu ndogo tu ya habari.

Majina ya shahada hutofautiana, na jina lina uzito. Filología Hispánica na Lengua y Literatura Españolas ni kozi zilizotungwa kwanza kwa ajili ya wenye lugha yao. Fasihi na isimu ni nzito. Estudios Hispánicos huwa pana kidogo. Katika vyuo vya nchi zinazotumia Kiingereza, Kihispania mara nyingi huunganishwa na somo jingine, na huwa kuna mkondo wa wanaoanza sifuri. Soma orodha ya masomo ya kila mwaka kabla hujapenda jina la chuo au picha za majengo yake.

Hatua ya pili: kaa na wazazi

Hili usilikwepe, maana bila baraka za nyumbani safari hii ni ngumu. Swali litakuja: "Mwanangu, huko utaajiriwa na nani?" Ni swali la haki, na linastahili jibu lenye sura.

Jibu la kwanza ni utalii, ambao wazazi wa Arusha na Moshi wanaujua kuliko mtu yeyote. Kampuni ya safari humhitaji mtu wa kuandikiana na mawakala wa Madrid, Meksiko na Buenos Aires, wa kupanga ratiba, wa kufasiri mlimani mgeni anapougua. Waeleze pia kwamba lugha peke yake haitoi leseni ya kuongoza watalii. Mafunzo ya uongozaji yanahitajika pale pale. Jibu la pili ni kufundisha: kwenye vyuo vya utalii, shule binafsi na kwa watu mmoja mmoja. La tatu ni tafsiri na ukalimani. Kihispania ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na kimo pia kati ya lugha za Umoja wa Afrika, ambao Mahakama yake ya Haki za Binadamu na Watu ina makao hapa Arusha. Hapo nawasihi msijidanganye: kazi nyingi za taasisi hizi huendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, hivyo mkalimani mwenye Kihispania tu hatafika mbali. Mwenye Kihispania, Kiingereza na Kifaransa, juu ya Kiswahili, ni mtu mwingine kabisa.

Wazazi wakiona umepiga hesabu, hata wasipokubali siku hiyo, wataanza kukusikiliza. Jambo jingine linalowatuliza: waonyeshe kwamba mwaka wa kwanza wa maandalizi unafanyika nyumbani, na gharama yake ni bando, madaftari na mwalimu wa mara chache kwa wiki.

Hatua ya tatu: fika B1 ukiwa nyumbani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo mambo yanapoharibika au kutengenea.

Ulaya hupima lugha kwa ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. B1 ni pale unapoweza kusimulia, kutoa maoni na kuelewa mazungumzo ya kawaida. B2 ndiyo ngazi ambayo vyuo vingi vya Hispania huitaka kwa anayefundishwa kwa Kihispania. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huwatengea maofisa wake wanaozungumza Kiingereza takribani wiki 30, yaani saa 750 za darasa, ili waweze kufanya kazi kwa Kihispania. Ukijitolea saa 10 kila wiki, saa 750 ni wiki 75. Lengo lako la sasa ni dogo kuliko lile la maofisa hao, na una mtaji ambao wao hawana.

Mtaji wenyewe ni huu. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu. Mwingereza anahangaika nazo mwaka mzima. Wewe unazo tangu unanyonya. Herufi ñ ni ny yetu. D ikiwa katikati ya irabu inalainika kuelekea dh ya "dhahabu", g inalainika kuelekea gh ya "ghali", na z ya Hispania sehemu nyingi ni th ya "thamani", ingawa Amerika ya Kilatini ni s. J ni kh ya "kheri" kwa wanaoitamka sawasawa. Kitakachokusumbua ni rr, ambayo ulimi lazima utetemeke. Fanya mazoezi ya perro (mbwa) na pero (lakini) mpaka watu wa nyumbani wakuzoee. Kama wewe ni wa kuchanganya r na l, lishughulikie mapema, maana pero na pelo (nywele) ni maneno mawili tofauti.

Sarufi nayo inakupokea vizuri. Tumezoea upatanisho wa ngeli, kiti kizuri, mti mzuri. Kwao ngeli ni mbili tu, za kiume na za kike, libro rojo (kitabu chekundu), casa roja (nyumba nyekundu). Tumezoea kitenzi kinachobeba mtenda, "nasema", kwao hablo. Tofauti ya ser na estar, inayowatoa jasho Waingereza, iko jirani sana na tofauti yetu ya "ni mwalimu" na "yuko nyumbani": es profesor, está en casa. "Inanipendeza" ndiyo me gusta. Na ile hali ya kitenzi inayoogopwa na dunia nzima, subjuntivo, tunaitumia kila siku: "nataka uje", quiero que vengas. Sisi tunabadili mwisho wa kitenzi kuwa e, wao nao hubadili mwisho. Mwalimu anayekufundisha subjuntivo kupitia Kiingereza anakuzungusha Dodoma ukiwa unakwenda Tengeru.

Pale tunapoanguka nako napajua, kwa kuwa daftari za wanafunzi wangu zinasema yale yale. Tunasahau el na la, vijineno vinavyotangulia nomino, kwa sababu Kiswahili hakina vijineno vya namna hiyo. Tunachanganya él na ella, kwa sababu "yeye" ni mmoja. Tunashindwa kutenganisha por na para, maana vyote kwetu huwa "kwa". Na kwenye "ningekuwa na pesa, ningesafiri" tunataka pande zote mbili zifanane, wakati wao husema si tuviera dinero, viajaría, kila upande na umbo lake. Andika mambo haya manne ukutani ulalapo.

Sasa ratiba. Anayemaliza kidato cha sita Mei anaweza kuanza wiki inayofuata. Kama ameitwa JKT, aanze akirudi.

Miezi mitatu ya mwanzo fanya sauti, wakati uliopo, na maneno ya maisha yako halisi: sokoni Kilombero, stendi, shamba la kahawa, kanisani au msikitini, chakula. Kozi nyingi zitakufundisha kuagiza divai mgahawani. Wewe jifunze kwanza kueleza mtori unavyopikwa, kwa sababu hilo ndilo utakaloulizwa na kila mgeni. Programu za simu kama Duolingo zinafaa kwa kuanzia na kwa kukumbushana maneno, lakini hazitakufikisha B1. Tafuta kitabu kimoja cha kiada chenye sauti, ukimalize chote, ukurasa kwa ukurasa. Kuruka kutoka kitabu hadi kitabu ni ugonjwa unaowashika wenye bidii zaidi.

Kuanzia mwezi wa nne, wakati uliopita uingie. Tofauti ya comí na comía utaiona kwa "nilikula" na "nilikuwa nakula". Haifanani kwa asilimia zote, lakini inatosha kukuvusha. Anza kusikiliza habari kila siku. BBC Mundo na idhaa ya Kihispania ya DW zinapatikana bure, na redio ya taifa ya Hispania, RNE, inasikika mtandaoni. Sikiliza habari ambayo umeshaisikia kwa Kiswahili asubuhi; ubongo utajaza mapengo. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Hispania, kilichoanzishwa mwaka 1713, iko wazi mtandaoni. Anza kuizoea, kwa kuwa kamusi ya Kihispania kwa Kihispania ndiyo itakayokulea chuoni. Centro Virtual Cervantes nayo ina mazoezi na maandishi mengi bila malipo.

Halafu watu. Jiji letu lina bahati ambayo Singida au Songea hawana: wenye lugha wanatujia. Lakini usimvamie mgeni barabarani pale Mnara wa Saa umfanye mwalimu. Wamechoka kufuatwa na wauza picha na fulana, na atakuona mmoja wao. Njia ya heshima ni kubadilishana. Mashirika ya kujitolea ya Arusha na Moshi hupokea vijana kutoka Hispania na Amerika ya Kilatini, na wengi wao wanakihitaji Kiswahili kwa udi na uvumba. Saa moja kwako, saa moja kwake. Ulizia pia parokiani na kwenye hospitali za misheni. Ukikosa, programu za kubadilishana lugha kama Tandem zitakupa mtu. Hispania iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi, kwa hiyo jioni yao ni jioni yako. Ukipata rafiki wa Jiji la Meksiko, saa tatu usiku ya Moshi ni saa sita mchana kwake.

Kama una ndugu anayefanya kazi mlimani, muombe akupeleke kwenye kampuni yake wakati wa msimu, ujitolee kukaa ofisini kujibu barua pepe za Kihispania chini ya usimamizi. Mwanafunzi aliyeandika barua za kweli kwa wageni wa kweli huandika vizuri kuliko aliyemaliza mazoezi yote ya kitabu. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba silijadili tena.

Kila Jumamosi andika ukurasa mmoja kwa mkono. Mtu asipopatikana wa kuusahihisha, usome mwenyewe baada ya wiki mbili. Makosa yako ya zamani yatakuwa yameanza kukupigia kelele.

Hatua ya nne: chagua njia ya shahada

Kihispania si somo la NECTA kama zilivyo Kifaransa, Kiarabu na Kichina, hivyo hakuna alama ya kidato cha sita itakayokusaidia moja kwa moja. Kwa kijana wa hapa naona njia tatu zinazowezekana.

Ya kwanza ni kwenda Hispania moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Inawezekana, lakini ina milima. Cheti chako lazima kifanyiwe homologación, yaani kitambuliwe kuwa sawa na bachillerato yao, cheti cha sekondari ya juu, na wizara yao ya elimu haina haraka. Huchukua miezi mingi. Udahili wa wageni hupitia UNED, chuo kikuu cha taifa cha masomo ya mbali kilichoanzishwa 1972, katika huduma yake iitwayo UNEDasiss, na vyuo vingi huangalia pia mitihani ya masomo ambayo UNED huitunga. Tazama kalenda: matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, wakati maombi ya vyuo vya Hispania kwa masomo ya Septemba yanafungwa au yameshafungwa. Hivyo mwaka mmoja wa kungoja haukwepeki. Utumie kufikia B2.

Ya pili ni vyuo vya Afrika. Chuo Kikuu cha Ghana kule Legon kina Kihispania, na utaratibu wake wa siku nyingi ni kuwapeleka wanafunzi nchi ya wenye lugha kwa sehemu ya masomo. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town na cha Witwatersrand hufundisha Kihispania na hupokea wanaoanza. Utafundishwa kwa Kiingereza unachokijua, na utaishi katika bara ambalo mtu hakuulizi kila siku umetoka wapi. Kwa kijana mwenye B1 mkononi, njia hii humpa mwanzo wa juu sana kuliko wenzake.

Ya tatu ndiyo ninayowashauri wengi, hasa wa familia zenye kipato cha kawaida. Soma shahada ya kwanza hapa Tanzania katika jambo linalokaa jirani na lugha: isimu, Kifaransa, ualimu wa lugha, utalii. Kwa miaka yote mitatu endelea na Kihispania pembeni kwa saa zile zile 10 za wiki. Ukihitimu ukiwa na B2 au C1, omba shahada ya uzamili ya Hispania katika ufundishaji wa Kihispania kwa wageni, inayojulikana kwa kifupi kama ELE, ambayo mara nyingi ni krediti 60, mwaka mmoja. Kuingia uzamili hakuhitaji homologación ya shahada yako. Chuo chenyewe hukagua kama shahada yako inakuruhusu kusoma uzamili kwenu. Gharama za mwaka mmoja ughaibuni ni robo ya gharama za miaka minne, na unarudi na vyeti viwili.

Kuna tahadhari moja naomba uishike hata kama utasahau mengine. Vyuo vya Hispania vinatoa vyeti vya aina mbili: título oficial, kinachotambuliwa na dola, na título propio, kilicho cha chuo chenyewe. Kozi nyingi nzuri za "lugha na utamaduni kwa wageni", hata kwenye vyuo vikongwe kama Salamanca, kilichoanzishwa 1218, au kituo cha wageni cha UNAM kule Meksiko, kilichoanzishwa 1921, hukupa cheti cha kozi, si shahada. Ni kozi nzuri kwa lugha yako. Lakini mzazi akiuza shamba Kibosho akidhani unaleta shahada, na umeleta cheti cha kozi, hapo ni msiba. Kabla ya kulipa chochote, liangalie jina la shahada kwenye rejesta rasmi ya Hispania ya vyuo na shahada, RUCT, iliyo wazi mtandaoni, kisha uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wanaitambuaje. TCU pia hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, iombe.

Kuhusu ufadhili, anza na Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, kwa ngazi ya uzamili, kisha fuatilia matangazo ya balozi za Hispania na Kuba, zote mbili zikiwa Dar es Salaam. Kwa yeyote anayekudai pesa ili "akuunganishie ufadhili", funga mazungumzo.

Hatua ya tano: fanya mtihani wa ngazi

Kuna mitihani miwili inayoheshimika. DELE hutolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya serikali ya Hispania. Unachagua ngazi yako, unafaulu au unafeli, na cheti hakiishi muda. Kwa B2, kusoma na kuandika vinahesabiwa pamoja, kusikiliza na kuongea pamoja, na kila fungu linahitaji alama 30 kati ya 50. Maana yake mwongeaji hodari asiyejua kuandika hafaulu. Wenye Kihispania cha mlimani huangukia hapo. SIELE ni wa kompyuta, unakupa alama kuanzia 0 hadi 1,000, na hudumu miaka 5. Ni mwepesi kuupangia tarehe.

Kama chuo hakijataja mtihani, chagua DELE. Angalia orodha ya vituo kwenye tovuti ya Instituto Cervantes miezi mingi kabla, na usiangalie Dar peke yake. Kutoka Arusha, Nairobi kupitia Namanga ni karibu zaidi.

Hatua ya sita: nyaraka

Nitapita haraka, kwa kuwa balozi hubadili masharti na orodha ya siku hiyo ndiyo ya kufuata. Kwa Hispania tegemea pasipoti, barua ya udahili, bima ya afya, cheti cha daktari, cheti cha polisi cha tabia njema kwa wanaozidi miezi 6, na ushahidi wa fedha za kujikimu. Kipimo chao cha fedha kinaitwa IPREM, ambacho kwa miaka ya karibuni kimekuwa euro 600 kwa mwezi. Vyeti vya shule na cha kuzaliwa vithibitishwe na mamlaka zake, NECTA na RITA, vipite Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, na vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, traductor jurado. Ukifika, una mwezi mmoja wa kuomba kitambulisho cha mgeni, TIE. Tangu 2022 mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, lakini usiijenge bajeti juu ya kazi ambayo bado hujaipata.

Hatua ya saba: mwaka wa kwanza chuoni

Wiki za mwanzo utasikia ukungu. Mhadhara wa chuo kikuu si mazungumzo, na wa kusini mwa Hispania wanakata herufi s mwisho wa neno. Kaa mbele. Omba ruhusa ya kurekodi. Baada ya kipindi andika muhtasari kwa Kihispania chako mwenyewe, usinakili ubao. Usiishi na Waafrika Mashariki wenzako peke yao, hata kama ugali unavutia. Chukua chumba kwenye nyumba ya wanafunzi wenyeji.

Kusoma riwaya ndefu kuna mbinu yake. Kurasa 30 za mwanzo soma polepole na kamusi, andika kila neno. Baada ya hapo kamusi ni kwa neno linalorudi mara ya tatu tu. Mwandishi ana maneno yake anayoyapenda, na ukishayajua, kitabu kinafunguka.

Hatua ya nane: kazi ya mwisho, hapo ndipo Kiswahili chako kinapolipa

Kila grado inaishia na kazi ya utafiti, TFG. Wanafunzi wengi wageni huchagua mada ambayo imeandikwa mara elfu, kisha wanashindana na wenye lugha yao kwa mambo ambayo wenye lugha wamelelewa nayo. Nakusihi usifanye hivyo. Kuna mada ambazo wewe, Mbantu uliyesoma Kihispania, una macho ambayo mwenzako wa Valladolid hana.

Kule Kolombia kuna kijiji cha San Basilio de Palenque, kilichojengwa na Waafrika waliotoroka utumwa. UNESCO iliutambua utamaduni wake mwaka 2005. Wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo, na ng'ombe kwao bado ni ngombe. Mtaalamu wa Ulaya anahitaji miaka ya kujifunza isimu ya Kibantu kabla hajaanza kuona kitu. Wewe unakiona ukiwa kwenye basi.

Kuna fasihi ya Guinea ya Ikweta: Donato Ndongo-Bidyogo, María Nsue Angüe, Juan Tomás Ávila Laurel. Waafrika walioandika kwa Kihispania kuhusu ukoloni, ndoa, uhamisho na mila, na bado wanasomwa kidogo mno. Kuna Nicolás Guillén wa Kuba, mshairi aliyeufanya mdundo wa ngoma kuwa mdundo wa mstari. Msomaji aliyezoea vina na mizani vya ushairi wetu ana la kusema juu yake. Kuna urithi wa Kiarabu wa Andalusia, ambako Waislamu walitawala sehemu mbalimbali kuanzia 711 hadi 1492, na maneno ambayo Kihispania na Kiswahili viliyachota kisima kimoja: hasta na hata, fulano na fulani, azúcar na sukari. Kuna historia ya Kuba na Tanzania, tangu Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwaka 1965 hadi madaktari wetu waliosomeshwa na Wakuba.

Na kuna utalii wenyewe. Nani ameandika kwa kina namna vitabu vya safari vya Kihispania vinavyomchora Mchaga, Mmasai na mpagazi wa Kilimanjaro? Kusanya maandishi hayo, wahoji wapagazi wa Marangu na Machame kwa Kiswahili, uyaweke mazungumzo yao mbele ya wasomaji wa Kihispania. Msimamizi wako atakuelewa mapema ukimpelekea mpango wa kurasa mbili mwaka wa tatu, si wa nne.

Hatua ya tisa: kurudi na shahada

Kabla hujaondoka huko, chukua cheti chenyewe, nakala ya matokeo ya kila somo na maelezo ya kozi yenye muhuri wa chuo, vyote kwa nakala zaidi ya moja. Kuvifuata ukiwa Moshi ni kazi ya miezi. Peleka shahada TCU kwa ajili ya utambuzi mara tu unapofika. Mwajiri wa serikali ataiulizia, na chuo chochote utakachoomba kufundisha pia.

Ukitaka kazi ya utalii, jitambulishe kwa kampuni za safari Januari au Februari, wakati ratiba za Julai na Agosti zinaandaliwa, si Julai yenyewe wenye ofisi wakiwa hawana muda wa kukutazama. Beba barua ulizowahi kuandika na ukurasa wa ratiba ya safari uliyoitafsiri vizuri. Ukitaka kufundisha, anza na darasa dogo la waongozaji msimu wa mvua, Aprili na Mei, mlima ukiwa na wageni wachache na wao wakiwa nyumbani.